Hati mlazo ndani ya kitabu: kupanga kurasa kwa EB Garamond

Kila anayeanza kupanga kitabu chake mwenyewe huniuliza maswali yale yale matatu. Mbona italiki yangu, yaani herufi zilizolala, imekaa kama ukuta unaotaka kuanguka, wakati ya vitabu vya zamani inapendeza? Neno la kigeni nililaze au niliache? Na la tatu huulizwa kwa sauti ya msiba: nimesafisha mswada, hati mlazo zote zimetoweka, zitarudi? Nimeyaandika majibu hapa ili atakayeuliza tena nimwelekeze huku.

Natumia fonti moja, EB Garamond, na programu moja, LibreOffice Writer. Zote mbili ni za bure na hazihitaji kompyuta ya bei mbaya. Ukiwa na programu nyingine ya kupanga kurasa, kama InDesign au Scribus, kazi ni ile ile, majina ya vitufe tu ndiyo yatakayotofautiana.

Utakavyohitaji kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye LibreOffice ya karibuni. Simu haitoshi kwa kazi hii.
- Faili la zipu la EB Garamond kutoka Google Fonts.
- Mswada uliokwisha kuhaririwa. Ukipanga kurasa huku mwandishi bado anaongeza sura, utapanga mara tatu.
- Nakala ya mswada kama ulivyokuja, kwa PDF, isiyoguswa na mtu. Hiyo ndiyo shahidi wako, na utaihitaji katika hatua ya 4.
- Printa, hata ya kuazima. Fonti ya kitabu huhukumiwa kwenye karatasi. Kioo cha kompyuta hudanganya.

Jambo moja la kuelewa kwanza

Hati mlazo, au italiki kama wapiga chapa wengi wanavyoiita, si herufi ya kusimama iliyosukumwa upande. Ni herufi nyingine kabisa, iliyozaliwa kutokana na mwandiko wa mkono wa Waitalia. Mwaka 1501, mjini Venice, Aldus Manutius alichapa mashairi ya Virgil katika kitabu kidogo cha kushikika mkononi, chote kwa herufi hizo za mwandiko, zilizochongwa na Francesco Griffo. Herufi kubwa zilikuwa bado zimesimama wima, zilizolala ni ndogo tu. Wakati huo italiki haikuwa msaidizi wa mtu, ilibeba kitabu kizima peke yake.

Kuoanishwa na herufi ya kusimama kulikuja baadaye. EB Garamond yenyewe ni ndoa ya watu wawili. Herufi zake za kusimama zinafuata kazi ya Claude Garamont wa Paris, aliyefariki mwaka 1561, na italiki yake inafuata kazi ya Mfaransa mwenzake, Robert Granjon. Herufi za wote wawili zilionyeshwa kwenye karatasi moja ya sampuli iliyochapwa Frankfurt mwaka 1592, iitwayo sampuli ya Egenolff-Berner. Ndiko zilikotoka zile herufi E na B za kwenye jina. Georg Duffner ndiye aliyeanza kuzifufua kwa ajili ya kompyuta, na Octavio Pardo akaongeza uzito mbalimbali, kuanzia wa kawaida hadi mnene sana.

Historia inaishia hapo. Nimeitaja kwa sababu moja: ukijua kwamba hizi ni herufi mbili za mafundi wawili, hutaishangaza kompyuta kwa kuiomba italiki ambayo haina faili lake.

Hatua

1. Sakinisha fonti yote, na aina moja ya mafaili.

Ukifungua zipu utakuta mafaili mawili makubwa yenye neno VariableFont, pamoja na folda iitwayo static. Kwa kazi ya kitabu ingia kwenye static usakinishe yaliyomo humo, hasa EBGaramond-Regular, EBGaramond-Italic, EBGaramond-Medium na EBGaramond-MediumItalic. Kisha funga LibreOffice yote na uifungue upya, la sivyo haitaziona.

Angalia: usisakinishe yote mawili, static na VariableFont, kwa pamoja. Majina hugongana, na programu itachagua inayotaka yenyewe. Nimeona mtu akihangaika siku mbili na aya moja iliyokataa kulala, kumbe fonti zilikuwa zinapigania jina.

2. Hakikisha italiki ni ya kweli.

Andika neno *fahali* kwa ukubwa wa pointi 48, mara mbili. La kwanza liache limesimama, la pili lilaze kwa Ctrl+I. Tazama herufi mbili tu. Herufi a ya kusimama ina tumbo chini na kipaa juu yake. Katika italiki ya kweli kipaa hakipo, limebaki tumbo na kijimkia kama mtu anavyoandika kwa kalamu. Kisha tazama f. Ya kusimama inaishia kwenye mstari ambao herufi hukalia. Ya italiki inateremka chini ya mstari.

Kama a bado ina kipaa na f haikuteremka, hiyo si hati mlazo. Kompyuta imekosa faili ikaisukuma herufi ya kusimama. Rudi hatua ya 1. Usiendelee hata ukurasa mmoja, maana upana wa maneno utabadilika ukirekebisha baadaye, na kurasa zote zitasogea.

3. Andaa ukurasa.

Kwa kitabu cha A5, yaani milimita 148 kwa 210, mimi huanza hivi: pambizo ya ndani milimita 20, ya nje 16, ya juu 18, ya chini 22. Maandishi pointi 11.5, nafasi kati ya mistari pointi 15 kamili. Utapata mistari 32 kwa ukurasa na herufi kama 65 hadi 70 kwa mstari. EB Garamond ina mwili mdogo, kwa hiyo pointi 11.5 yake huonekana ndogo kuliko pointi 11.5 ya Times New Roman. Usiogope.

Nafasi ya mistari weka "Fixed", usiweke ile ya kujirekebisha. Ukitumia ya kujirekebisha, mstari wenye neno la kigeni lililoazima herufi kutoka fonti nyingine utapanda au kushuka, na ukurasa utaonekana kama meno yaliyopishana.

Weka haya yote kwenye mtindo wa aya. Bonyeza F11 kufungua orodha ya mitindo, uhariri mtindo unaotumika kwa maandishi ya kawaida. Usichague maandishi yote na kuyabadilisha kwa mkono.

4. Okoa hati mlazo za mwandishi kabla ya kusafisha chochote.

Hapa ndipo watu hulia, nami nimewahi kulia. Nililetewa mswada wa kurasa zaidi ya 300 uliojaa fonti tano tofauti. Nikachagua maandishi yote, nikabonyeza kitufe cha kuondoa mapambo (Clear Direct Formatting), ukawa safi kama sahani. Baada ya wiki mwandishi ananipigia simu: majina ya meli yote yamesimama, barua za mama yake zimesimama, maneno ya Kireno yamesimama. Nilikaa na PDF yake ya awali nikirudisha moja moja kwa siku nne, bila malipo ya ziada.

Fanya hivi badala yake:

a) Bonyeza Ctrl+H. Fungua sehemu ya "Other options". Weka mshale kwenye kisanduku cha "Find", usiandike kitu, kisha bonyeza "Format" uchague Italic. Chini ya kisanduku litatokea neno Italic. Bonyeza "Find All". Maneno yote yaliyolala yatachaguliwa kwa mkupuo.

b) Funga kidirisha bila kubonyeza ndani ya maandishi. Kwenye orodha ya F11 nenda mitindo ya herufi, bonyeza mara mbili mtindo uitwao Emphasis. Sasa kila neno lililolala lina mtindo wenye jina. Halitegemei tena ile I ya juu peke yake.

c) Jaribu kwanza kwenye aya moja kabla ya kusafisha kitabu kizima. Ichague, ondoa mapambo, utazame. Kama neno lililolala limebaki limelala, endelea na kitabu chote. Kama limesimama, rudisha kwa Ctrl+Z, achana na kitufe hicho, na badala yake chagua maandishi yote ubadilishe jina la fonti na ukubwa tu. Kubadilisha jina la fonti hakuondoi mlazo.

Siku hizi miswada mingi imeandikwa kwenye simu na kutumwa kwa WhatsApp, kwa hiyo hati mlazo hufika zikiwa alama: _neno_ lenye kistari cha chini huku na huku. Hizo nazo ziokoe. Kwenye Ctrl+H washa "Regular expressions", kisanduku cha kutafuta andika `_([^_]+)_`, cha kubadilisha andika `$1` na ukipe Format ya Italic. Na mswada wa mzee aliyezoea taipureta utakuwa na maneno yaliyopigiwa mstari chini. Kwa desturi ya wapiga chapa, mstari huo maana yake ni "laza hapa". Kitabu kilichopangwa hakipigi mistari chini ya maneno.

5. Amua kinacholala na kisicholala, uandike uamuzi wako.

Chukua karatasi moja uandike kanuni za kitabu hiki. Si lazima zifanane na zangu, lakini lazima zifanane kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Ambayo hayana mjadala: majina ya vitabu, magazeti na filamu yalale. Majina ya meli yalale, ila vifupisho vinavyoyatangulia visimame: MV *Liemba*, si *MV Liemba*. Majina ya kisayansi ya viumbe yalale, jenasi kwa herufi kubwa na spishi kwa ndogo: mkarafuu ni *Syzygium aromaticum*, simba ni *Panthera leo*. Jina la familia, kama Felidae, husimama. Mwandishi wa kitabu cha kilimo asipokuambia hili, mwambie wewe.

Penye mjadala ni maneno ya kigeni. Kipimo changu ni kamusi. Neno likiwa kwenye kamusi ya Kiswahili, limesimama, hata kama babu yake alitoka ng’ambo. Meza ilitoka kwa Wareno, shule kwa Wajerumani, kitabu kwa Waarabu. Ukianza kulaza kila chenye asili ya Kiarabu hutabakiza mstari uliosimama. Neno ambalo halimo kwenye kamusi, na msomaji atalisoma kama mgeni, lilaze mara ya kwanza pale linapoelezwa. Baada ya hapo mimi huliacha lisimame, maana mgeni akishajulikana hatambulishwi kila akipita mlangoni. Wapo wahariri wanaolaza kila mara. Sawa, mradi wawe na msimamo.

Lugha yetu ina tatizo ambalo miongozo ya Wazungu haina: neno la kigeni lililovaa kiambishi cha Kiswahili. Unaandikaje ku-download? Ushauri wangu wa kwanza ni kuandika kupakua. Kama ni mhusika anayesema hivyo na huwezi kumbadilisha, simamisha kiambishi na kistari chake, laza sehemu ya kigeni: ku-*download*. Ukilaza neno zima, msomaji anadhani "ku" nayo ni ya kigeni.

Na mazungumzo ya wahusika wa mjini? Kijana wa Nairobi anayechanganya Sheng, au mama wa Bukavu anayetia Kifaransa katikati ya sentensi, hajioni akibadili lugha. Ukilaza kila neno lake unamgeuza kituko. Yaache yasimame. Hilo ni la moyoni mwangu, najua wapo wasiokubali.

Kuhusu kulaza neno ili kulitilia mkazo, jaribu kutofanya hivyo. Kiswahili kinatia mkazo kwa maneno yenyewe: "ndiye aliyekuja", "hata yeye", "mimi sikwenda, wewe je". Waandishi wanaosoma riwaya za Kiingereza kwa wingi huleta hati mlazo za mkazo kila ukurasa, na sentensi inakuwa kama mtu anayenyooshea kidole kila neno. Muulize mwandishi kama "ndi-" haitoshi. Mara nyingi itatosha.

Aya ndefu ya barua au ndoto ikilazwa yote, neno ambalo lingelala ndani yake sasa lisimame. Na kama barua hiyo ni kurasa sita, usiilaze kabisa. Sogeza pambizo zake ndani kidogo kila upande. Tumezoea kusoma kwa herufi za kusimama, na kurasa nyingi za italiki huchosha macho.

Usilaze na kutia alama za kunukuu kwa pamoja. Chagua moja.

Kitabu kikiwa na mistari ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, labda beti za utenzi kutoka Lamu au Pate, zisilazwe kamwe. EB Garamond haina herufi hizo, hivyo utazitafutia fonti yake, kwa mfano Amiri. Na ujue kwamba LibreOffice ina mpangilio wa pili wa fonti kwa maandishi ya aina hiyo. Ukilaza aya nzima, Kiarabu nacho kinasukumwa bila wewe kukusudia. Kagua kwa macho.

6. Safisha alama, hasa ya ng’.

Kabla ya chochote tafuta ng' yenye kistari kilichonyooka, ng‘ yenye alama ya kufungulia, na ng` ya simu za zamani. Zote zigeuze kuwa ng’ yenye alama ya kufungia, ile inayofanana na tisa ndogo. Ng’ombe, ng’ambo, ang’aa. Ikiwa neno limelala, alama yake nayo ilale pamoja nalo.

Mkato, nukta na mabano hufuata sentensi inayoyazunguka. Sentensi imesimama, mabano yasimame hata kama kilichomo ndani kimelala. Ila alama iliyo sehemu ya jina la kitabu, kama kiulizo, hulala na jina hilo.

Hapo kuna ajali ndogo: f iliyolala hurusha kichwa chake kulia, ikagonga mabano yaliyosimama. Kwa Kiswahili chenyewe hutaipata mara nyingi, kwa kuwa maneno yetu huishia kwa irabu. Itakupata kwenye maneno ya kigeni, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo uliyoyalaza. Weka kinafasi cha unywele katikati: andika U+200A kisha bonyeza Alt+X. Usitumie nafasi ya kawaida, ni pana mno.

7. Nambari na herufi zenye mikia.

Kwenye kisanduku cha jina la fonti, ndani ya mtindo wa aya, andika `EB Garamond:onum`. Nambari zitakuwa za kizamani, zinazopanda na kushuka kama herufi ndogo, na mwaka 1964 hautapiga kelele katikati ya sentensi. Kwenye majedwali tumia `EB Garamond:lnum&tnum` ili tarakimu zilingane kimo na kupangana safu.

Italiki hii pia ina herufi kubwa zenye mikia ya madaha, unazozipata kwa `EB Garamond:swsh`. Tumia kwenye ukurasa wa jina la kitabu, herufi ya kwanza tu. Neno zima la herufi kubwa zenye mikia halisomeki, linafanana na nyavu zilizonasana. Kila mwanafunzi wangu hulijaribu mara moja.

8. Vichwa.

Kichwa kidogo kilicholala kinapendeza, na jina la kitabu juu ya kila ukurasa kwa italiki ya pointi 9.5 ni utaratibu wa muda mrefu. Usitanue nafasi kati ya herufi ndogo zilizolala. Zilichongwa zishikane kama mwandiko. Ukitaka kutanua, tanua herufi kubwa zilizosimama.

9. Kata maneno mwisho wa mistari.

Maneno yetu ni marefu, na ukinyoosha kingo mbili bila kukata maneno utapata mapengo. Palipo na pengo weka kistari laini kwa Ctrl na kitufe cha kutoa. Kitaonekana tu neno likifika mwisho wa mstari. Kata baada ya irabu: wanao-shughulikia, au wanaoshughu-likia. Usitenganishe ng’, ny, sh, ch, th, dh, gh wala mb, nd, kw, na usiache irabu moja peke yake mstari unaofuata.

Fanya hili mwisho kabisa. Ukilifanya mapema utalirudia.

10. Toa PDF na uikague.

Toa PDF kutoka LibreOffice, ifungue kwa Acrobat Reader, ingia kwenye sifa za faili, sehemu ya Fonts. Lazima uone EBGaramond-Regular na EBGaramond-Italic kila moja kwa jina lake, na neno Embedded au Embedded Subset pembeni. Ukikuta Regular peke yake wakati kitabu kina maneno yaliyolala, italiki yako ni ya kusukumwa.

Kisha printi kurasa nne kwa ukubwa halisi, bila ile chaguo ya kupunguza ili itoshee. Mpe mtu asiyejua lolote kuhusu fonti asome. Usimuulize kama fonti ni nzuri. Muulize alikwama wapi.

Kiwandani peleka PDF tu. Ukipeleka faili la LibreOffice au la Word, litafunguliwa kwenye kompyuta isiyo na EB Garamond, na utakachokiona baada ya kuchapwa si ulichokipanga.

Mambo yakikataa

*Neno limelala lakini ni nene kuliko mengine.* Pengine mwandishi alilitia unene na mlazo pamoja, nawe hukusakinisha uzito huo, kompyuta ikaubuni. Ondoa unene. Neno linatosha kulala.

*Herufi moja tu ndani ya neno ina sura nyingine.* Hutokea kwenye majina ya Kiarabu yaliyoandikwa kitaalamu, yenye nukta chini au mstari juu ya irabu. Fonti haina herufi hiyo, kwa hiyo programu imeazima kwa jirani. Angalia kwanza kama mwandishi alibandika nukta kama alama tofauti. Andika upya kwa herufi moja kamili, kama ḥ. Ikishindikana, mshauri mwandishi atumie tahajia ya kawaida ya Kiswahili.

*T na h zimeungana kwenye Thamani na Theluthi.* Baadhi ya fonti hufanya hivyo zenyewe. Kwa Kiswahili sina ugomvi nalo, kwani th ni sauti moja. Usipolipenda zima miunganisho kwa neno hilo tu. Usiizime kitabu kizima, utaharibu fi ya rafiki na kofia.

*Neno la italiki limebanana na neno lililosimama linalofuata.* Angalia ile nafasi katikati yao: huenda nayo imelazwa. Isimamishe. Isiposaidia, weka kinafasi cha unywele.

*Kurasa zimeongezeka baada ya kusakinisha italiki ya kweli.* Au zimepungua, maana italiki ya kweli ni nyembamba kuliko iliyosukumwa. Ndiyo maana nilikuambia usipite hatua ya 2. Sasa pitia yaliyomo na kurasa za marejeo ya ndani, kisha kagua upya mwisho wa kila sura.

*Kwenye kioo inapendeza, kwenye karatasi italiki imefifia.* Hili ndilo la kawaida zaidi kwetu, kwa kuwa vitabu vingi vya nakala chache hudurufiwa steshenari kwa mashine iliyochoka, kwenye karatasi nyepesi. Mistari myembamba ya Granjon haivumilii hapo. Usiongeze ukubwa wala usitie unene. Rudi kwenye mtindo wa aya, badilisha EB Garamond kuwa EB Garamond Medium. Italiki yake ya Medium itafuata yenyewe, ikiwa uliisakinisha katika hatua ya 1. Toa PDF upya, peleka kurasa mbili kwenye mashine ile ile itakayochapa kitabu, usikubali mashine nyingine ya pembeni, na uziangalie ukiwa nje kwenye mwanga wa jua kabla ya kulipa.